Mama Nzi wa Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka Samiha Haroub, aliyezikwa Ijumaa kule Mtoni. Ukimuulizia Samiha, nusu ya mtaa hawamjui. Sema Mama Nzi, utaonyeshwa mlango.

Samiha alikuwa mtafiti. Alifuga nzi wa matunda, vile vijinzi vidogo vinavyozengea ndizi mbivu, katika maabara moja Mikocheni. Alitafuta jambo moja tu: chakula cha nzi jike kikipungukiwa madini, mayai yake yanakuwaje?

Nyumbani, yeye na mumewe Masoud hawakujaaliwa mtoto. Hawakujaaliwa. Na mama mkwe wake, Bi Reem, alikuwa na neno la kumwita, neno lile wanalobandikwa wanawake wasiozaa. Mnalijua. Mie leo silitamki, na sababu mtaisikia.

Siku moja maabarani, nzi walionyimwa madini ya zinki wakakaribia kuacha kutaga. Mwenzake, Gaspar, akaandika neno hilohilo kwenye chupa yao. Masikini, hakujua. Samiha akalifuta kwa kidole.

"Hawa hawana kasoro," akamwambia. "Ni sisi tuliowanyima."

Wakarudishiwa zinki. Wengi wakataga tena.

Habari hiyo alimsimulia mkwewe jikoni, wakikuna nazi. Bi Reem akauliza, sasa na wewe si uinywe hiyo zinki? Samiha akacheka. Akasema alishakunywa, wala hakuna kitu. Nzi ni nzi, mtu ni mtu. Kicheko kikaisha, akalia. Bi Reem amenieleza hayo mwenyewe. Anasema tangu siku ile hakulirudia neno lake. Akaanza kumtania: haya, Mama Nzi, wanao wameshakula? Mtaa mzima ukaudaka utani huo. Na Samiha, wallahi, akawa anaitika.

Jana nilimpigia Bi Reem, nimuulize marehemu tumtangaze kwa jina gani. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Tangazeni Mama Nzi," akasema. "Hilo alilipenda. Lile la kwanza nililompa mie, msilitaje."

Basi hatujalitaja. Masoud, Bi Reem, na jamaa wote wa Mtoni, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Samiha.

Nawe msikilizaji, fikiri kidogo. Huenda hapo mtaani kwenu yupo mwanamke mliyembandika neno lile. Leo ukikutana naye, mwite jina analolipenda.