Sahihi ya Kushuka

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, wale mliosimama nje mnaosikia kwa shida naomba msogee, viti vya mbele viko wazi. Mimi ni mama yake mzazi. Historia hii ilikuwa isomwe na baba yake mdogo, ambaye ndiye huzisoma zote za familia yetu, lakini jana tulishindwa kuelewana kuhusu mstari mmoja, mstari wa tarehe ya kufariki, naye akanikabidhi karatasi akasema, "Basi shemeji, soma wewe uliyemzaa." Ndiyo maana mnaniona hapa.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1986, saa mbili asubuhi, katika hospitali ya bandarini, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba yake akiwa seremala, aliyetutangulia mwaka 2009, na mimi nikiwa mshonaji wa sare za shule, kazi ninayoifanya mpaka leo. Jina la utani la Kokoto alipewa na baba yake, kwa sababu kila nilipofua nguo zake nilikuta mifukoni vijiwe vyeusi vya volkeno, vile vyepesi vyenye matundu, na nilipomuuliza ni vya nini alijibu kwamba mlima ni mkubwa, hautajua vimepungua.

Alianza shule ya msingi nyuma ya soko mwaka 1993, akamaliza mwaka 1999, akaendelea na sekondari ya kutwa kuanzia Januari 2000 hadi Novemba 2003, alipomaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida, isipokuwa jiografia, ambamo aliongoza. Alipokuwa darasa la tano walipelekwa kwenye kilele kidogo, wakaambiwa wasivunje mstari, yeye akauvunja, akafika juu peke yake, akarudi kumwambia mwalimu aliyekuwa anahema, "Bado kidogo tu, mwalimu," na ilikuwa imebaki saa nzima. Nimeambiwa na wenzake kwamba aliendelea kuwadanganya wageni hivyo hivyo miaka yote.

Kuanzia 2004 aliuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, na tarehe 2 Juni 2008 akaanza kazi mlimani, kwanza akiwabebea wageni maji, kisha mwaka 2012 akapata leseni ya kuongoza wapanda mlima kwenye vilele vyote vitatu na kwenye kasoko kubwa, lile shimo la volkeno, akiwa mwanamke wa pili katika kisiwa hiki kuipata. Tangu 2019 alikuwa msimamizi wa njia, maana yake yeye ndiye aliyekuwa akipaka zile alama za njano kwenye mawe ili mtu asipotee kwenye ukungu. Mimi sikuwahi kufika huko juu, magoti yangu yana maoni yake, lakini alama hizo nazijua, nilimfulia ovaroli yenye rangi hiyo miaka minne na haikutoka.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 2011 na fundi friji, huyu mkwe wangu aliyekaa hapa, walikutana ofisini kwa waongozaji, alikoitwa kutengeneza friji moja akarudi mara nne, mpaka marehemu akamuuliza mbele ya watu, "Fundi, friji ndilo bovu au ni wewe?" Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2013 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2017, wote wako hapa, na wote nitaishi nao karibu kama ilivyokuwa, nyumba zetu zikiwa zinatazamana.

Kwenye karatasi za namna hii sehemu inayofuata ni ya ugonjwa, lakini marehemu hakuugua, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea, na mtanisamehe nikirudia, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijakielewa vizuri.

Kila anayepanda mlima hutia sahihi katika daftari la lango la juu, mara moja anapopanda na mara ya pili anaposhuka, na jioni mlinzi akikuta mtu hana sahihi ya kushuka huita watu wakamtafute. Lakini anayeteremkia upande wa majivu hutokea barabara ya machimbo, huku kwetu, na kurudi langoni kusaini tu ni saa nzima kwa gari, kwa hiyo waongozaji wenyeji walizoea kutia sahihi zote mbili asubuhi, wakikadiria saa ya kushuka. Mlinzi alijua, ofisi ilijua, na mimi nilijua, kwa sababu marehemu alinieleza mwenyewe akiwa ananisaidia kukunja sare, tukacheka, nikamwambia siku moja mtasaini na ya kesho kutwa.

Jumanne tarehe 14 Novemba, saa moja asubuhi, aliondoka peke yake kwenda kupaka upya alama zilizofutwa na mvua kwenye ukingo wa kasoko, akaandika kwamba amepanda saa mbili, na kwamba ameshuka saa kumi na nusu. Jioni mume wake alipoona hajarudi na simu haipatikani alimpigia mlinzi wa lango, mlinzi akafungua daftari akamjibu, "Shemeji, huyu ameshuka, sahihi yake hii hapa." Alisoma kilichoandikwa. Kuanzia hapo sote tukamtafuta mtu aliyeshuka. Tulikwenda hospitali, kituo cha mabasi, kwa dada yake, bandarini kuuliza orodha ya abiria, na Jumatano mchana kutwa nilimkalia mkwe wangu jikoni kwangu nikimuuliza, "Mmegombana nini, baba, niambie tu," naye akiapa kwamba hawakugombana, nami sikumwamini. Wapo waliosema ametoroka na mgeni. Mimi nilikuwa nafunga vifungo vya sare huku nikimkasirikia kwa kuniachia watoto bila kuaga. Katika siku hizo mbili sikukumbuka hata mara moja jambo tulilolicheka tukikunja nguo. Nimejiuliza nililiweka wapi, sijapata jibu, na sitafuti mtu wa kunipa.

Alhamisi tarehe 16, saa nne asubuhi, wapanda mlima wawili waliona kopo la rangi ya njano chini ya ukingo, kisha wakamwona yeye, mita kama ishirini ndani ya kasoko, kwenye changarawe inayoteleza, mahali ambapo simu haishiki.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba alivunjika mguu na akavuja damu ndani ya tumbo, na nilipomuuliza siku akasema, "Mama, kilichomuua nakijua, siku sina kipimo cha kuniambia kwa uhakika." Karani wa vyeti naye alinisikiliza mpaka mwisho, akanigeuzia fomu, akasema, "Pole, mama, lakini nafasi ya tarehe ni moja." Baba yake mdogo anataka tuandike Jumanne, tuseme alianguka akafa papo hapo, watoto walale. Mume wake anataka Alhamisi, kwa sababu mpaka Alhamisi yeye alikuwa bado anamsubiri. Wote nawaelewa. Lakini mimi ndiye niliyekabidhiwa mfuko wa vitu vyake, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimevuliwa, kamba zimelegezwa tundu baada ya tundu, hivi anavyofanya mtu ambaye mguu umeshaanza kuvimba, soksi imekunjwa ndani yake, na chupa yake kubwa ya maji ilikuwa tupu na kifuniko kimefungwa. Niliwauliza waliomtoa kama ni wao waliovua kiatu, wakasema hapana, walikikuta hivyo. Maji yale humtosha siku nzima na zaidi, namjua, hanywi kwa pupa.

Kwa hiyo nimeandika kwamba mwanangu alifariki Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba na miezi minane. Sina uhakika. Jumanne ingetupumzisha sisi, lakini ingemwondolea yeye saa alizokaa kule akijihudumia vizuri na akitegemea kwamba tutakuja, na saa hizo ni zake, siwezi kumpunguzia ili mimi nipate usingizi. Watoto wake nimewaeleza jana, kwa maneno yao.

Namshukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya bandarini, majirani mliopika na kuosha vyombo kwangu tangu Alhamisi bila kuulizwa sufuria ziko wapi, walimu wa watoto, wateja wangu mtakaosubiri sare mpaka mwezi ujao, na waongozaji wenzake mliomteremsha kwa machela saa sita nzima kwenye majivu. Kwenu nyinyi nina ombi moja, msaini mkiwa mmeshuka, hata kama ni saa nzima ya kuzunguka. Namshukuru pia mlinzi wa lango, ambaye nimemwona amesimama nje ya geti tangu asubuhi na hajaingia. Baba, uliambiwa na daftari, na mimi niliambiwa na yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kwa hiyo kama ni kusimama nje tungesimama wote wawili. Ingia, hapa kando yangu pana kiti.

Mwanangu, tulichelewa, na tumefika. Upumzike sasa, na amani iwe nawe.