Malaika wa Mlima wa Kimulot

Mvua ilikuwa imelainisha barabara ya Kimulot, na dereva wa pikapu akaomba abiria wapande mlima kwa miguu. Opondo, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, alishuka upesi. Mama Chepngetich alibaki ameketi nyuma, kanga yake ikiwa mapajani.

"Mama, shuka! Gari hili litakuua!" Opondo alimwambia.

"Imeandikwa malaika watanichukua mikononi."

"Hayo ndiyo Shetani alimwambia Yesu ili aruke!"

"Kumbe hata Shetani anasoma Biblia kukushinda."

Opondo, asiyekosa ibada, aligeuka aanze kupanda mlima. Mara pikapu ikateleza kinyumenyume, ikaingia shamba la chai la Kipkurui kando ya barabara, ikasimama polepole kwenye michai.

"Umeona, kijana?"

"Umezuiwa na michai ya Kipkurui, mama! Mlafi yule amepanda mpaka barabarani!"

"Na Mungu angenizuia na nini, kama Kipkurui hangekuwa mlafi?"