Mama Odile, Mtunzaji wa Nakala ya Tatu

Tarehe 31 Desemba 1993, Mama Odile Mukaz atafunga mlango wa sekretarieti kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alipaswa kustaafu mwaka 1995. Tunaliandika jambo hilo mwanzoni kabisa kwa sababu rasimu ya programu hii ya sherehe ya kumuaga, iliyotoka ofisi ya wafanyakazi, haikulitaja. Ilikuwa na mistari minne tu: kwamba Mama Odile ni mpole, kwamba anapenda wageni, kwamba anaimba kwaya, na kwamba anaondoka. Sisi wa sekretarieti tumeona kwamba mistari minne haitoshi.

Alizaliwa Mutshatsha, akaingia kampuni yetu hapa Kolwezi mwaka 1962 akiwa mpiga taipu wa karakana. Mwaka 1978 alipewa, kwa barua ya mkurugenzi, ulinzi wa kumbukumbu zote pamoja na muhuri wa kuthibitisha nakala. Mwaka 1989 kompyuta mbili ziliteremshwa kwenye gari, na vijana wa ofisi wakabishana kama mama wa miaka hamsini na moja angevumilia wiki nzima mbele ya kioo kile. Fundi alifundisha siku tatu, akaondoka. Siku ya nne ni Mama Odile aliyekuwa akiwafundisha vijana.

Kila jioni alifunika kompyuta yake kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kwa sababu vumbi la Kolwezi halichagui pa kuingia. Dereva Rachid alikuwa akipita dirishani na kumchokoza: “Mama Odile, ile mashini yenu itaolewa lini?” Naye bila kugeuka: “Siku weye utanawa mikono, Rachid!” Ofisi nzima ilicheka, na Rachid alificha mikono yake yenye grisi nyuma ya mgongo.

Mafundisho yake mengi yanaonekana madogo mpaka siku yanapokosekana. Faili lipewe jina la mwenye hati, hata kama mashine inakubali herufi nane tu, kwa kuwa faili linaloitwa BARUA1 ni kaburi lisilo na msalaba. Kila ukimaliza aya, hifadhi, maana umeme ukikatika hauombi ruhusa. Kibandiko cha disketi kiandikwe kabla ya kubandikwa. Kikiwa kimeshabandikwa, tumia penseli laini, usikandamize kalamu. Mtu wa ofisi nyingine akiomba hati, apewe nakala, si disketi yenyewe, na jina lake liingie katika daftari la mkopo. Neno la siri lijulikane na watu wawili daima. Hilo alilisema tangu mwaka 1990, shefu mmoja alipofunga mfano wa barua za likizo kwa neno la siri, kisha yeye mwenyewe akaenda likizo. Kwa wiki tatu hakuna mwingine aliyeweza kwenda.

Na kila hati ikae mahali patatu: ndani ya kompyuta, kwenye disketi ya kabati, na kwenye disketi ya nyumbani kwake, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko. Watu walimcheka kwa ajili ya kopo hilo.

Hawakumcheka tena baada ya uporaji wa mwaka 1991. Kabati za chuma zilibebwa, na kadi za wafanyakazi zilionekana sokoni Manika zikifungia karanga. Yaliyokuwa ndani ya kopo yalisalimika; kadi, ambazo hazikuwa na nakala, Mama Odile alizianza upya. Aliwaita wafanyakazi mmoja mmoja na vipande vya karatasi walivyobaki navyo, akachapa maisha yao ya kazi: mwaka wa kuingia, daraja, karakana, ajali. Hakuna aliyetoka bila kusomewa. Hati iliandikwa kwa Kifaransa, lakini yeye aliisoma kwa Kiswahili, polepole, mwenye kadi akisikiliza. Hivyo ndivyo makosa mengi yalivyoonekana, na ndivyo wazee kadhaa walivyosikia kwa mara ya kwanza kile kilichoandikwa juu yao. Alifikisha kadi mia nne na kumi na mbili. Kampuni haikumpa hata barua ya shukrani.

Kisha ukaja mwaka huu. Hatuna haja ya kueleza sana. Kila mtu hapa aliona. Majirani wenye asili ya jimbo la Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa Kolwezi, hata wale ambao wazazi wao wamezikwa hapa. Watu tuliokula nao walilala kwenye uwanja wa gare, stesheni ya treni, juu ya masanduku, wakingoja treni isiyokuwa na siku. Walipokuja kuomba cheti cha kazi, kile tunachokiita atestasio, shefu wa wafanyakazi, Tata Polycarpe, alitoa amri mwezi wa tatu: hakuna cheti kipya kwa wanaoondoka. Hakutoa sababu. Sisi pia hatukuuliza, na hilo ni aibu yetu.

Tata Ngeleka, fundi wa kuchomelea, alikuwa amepata chake mwezi wa pili, kabla ya amri. Kilieleza miaka yake ishirini na mitatu. Mwezi wa nne alirudi dirishani, shati limepasuka begani. Vijana walikuwa wameingia kwake, wakatoa kila kitu nje, na mmoja wao akachana cheti mbele ya watoto.

“Mama, karatasi banaipasula,” alisema. “Sasa nitafika kule sawa mutu mwenye hakutumika hata siku moja? Treni banasema ni kesho asubui.”

Mama Odile alimwambia akae. Jambo lilikuwa rahisi: kufungua faili, kuchapisha, kuthibitisha. Alipolifungua, ndani mlikuwa na jina la mtu mwingine.

Kosa hilo lilikuwa la mwanagenzi aliyetoka shule na kuwa na miezi miwili tu ofisini. Siku iliyotangulia alitaka kuandika hati ya mlinzi mpya. Akafungua cheti cha Tata Ngeleka kama mfano, akafuta jina na miaka, akaandika vingine, akahifadhi. Hakubadilisha jina la faili kwanza. Kanuni hiyo iliandikwa ukutani, juu ya kichwa chake: *badilisha jina kwanza, andika baadaye.* Na disketi ya kabati haikusaidia, kwa sababu jioni ile ile alikuwa amenakili hati mpya juu ya ile ya zamani, kwa bidii nyingi. Mwanagenzi huyo ndiye anayeandika mistari hii. Ninaomba radhi kwa Tata Ngeleka hapa, kwa kuwa siku ile sikumwomba.

Mama Odile hakufoka. Alisogeza kibodi mbali nami, akasema tu: “Huguette, kama unalia, lia pembeni. Machozi inaharibisha klavie.” Kisha alipanda nyuma ya pikipiki ya Rachid, akaenda nyumbani kwake, akarudi na kopo chini ya kitenge.

Nakala ya tatu ilikuwemo, nzima, na tarehe yake ya mwezi wa pili. Lakini mashine yetu ya kuchapishia ina kelele ya kusaga mahindi, na siku hiyo ilisikika mpaka mwisho wa barabara ya ofisi. Tata Polycarpe aliingia kabla ukurasa haujaisha.

“Mama Odile, nilisema nini?”

“Ulisema tusifanye karatasi ya mupya, shefu. Hii haiko ya mupya. Angaria date. Na weye njo ulisinyaka.” Alimwonyesha kwenye kioo jina lake, mahali pa sahihi.

“Mi sisinye tena.”

“Sikuombe kusinya, shefu. Ni kopi.”

“Utajua mbele ya nani unasema hivi!”

“Najua. Nilichapaka karatasi yako ya kuingia kazi. Uliandika ‘karakana’ mubaya, nikakutengenezea.”

Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walitaka. Mama Odile alichukua muhuri aliokabidhiwa mwaka 1978, ambao hakuna barua iliyowahi kuuondoa mikononi mwake, akaandika chini ya ukurasa kwamba nakala hii ni sawa na ile ya kwanza, akatia jina lake lote na namba yake ya kazi. Halafu, shefu akiwa bado amesimama mlangoni, alimsomea Tata Ngeleka cheti chote kwa Kiswahili, mwaka kwa mwaka, bila kuruka hata mmoja. Tata Ngeleka alisahihisha tarehe moja ya ajali. Mama Odile aliiandika kwa wino pembeni, akagonga muhuri tena.

Treni haikuondoka kesho yake. Iliondoka baada ya siku tisa.

Mwezi wa tano barua ilifika: Mama Odile atastaafu mwisho wa mwaka huu, miaka miwili kabla ya wakati, “kwa sababu ya kupunguza kazi.” Tumeisoma barua hiyo mara nyingi. Kazi haikupungua. Wafanyakazi mia moja na zaidi wameondoka bila cheti, na maisha yao ya kazi bado yamo katika disketi za kabati letu, yakingoja mtu mwenye ujasiri wa kuyachapisha. Nani ana haki ya kumwambia mtu aliyechomelea vyuma vyetu miaka ishirini na mitatu kwamba hakuwahi kuwa hapa? Swali hilo tunaliweka katika programu hii, wino juu ya karatasi, na nakala zimekwisha kutengwa mahali patatu.

Mwezi wa nane Alfani, anayesafirisha chumvi mpaka Mwene-Ditu kule Kasai, alituletea habari. “Ngeleka eko anachomelea,” alisema. “Banamuuliza karatasi, akaitosha mu mufuko. Bakasoma, bakamupatia kazi. Sasa ameitia mu plastiki, hata mi alinikataza kuigusa na hii mikono.” Mama Odile alisikiliza, akauliza kama watoto wote walifika, akaambiwa wote. Aligeukia kazi yake. Alikuwa na barua ya kumaliza.

Kwa Tata Polycarpe, ambaye kiti chake kiko mstari wa kwanza leo, tunasema kwa heshima: bado kuna siku chache kabla ya tarehe 31, muhuri upo, na majina tunayo.

Na kwako, mama yetu: asante kwa subira, kwa ukali uliokuwa wa lazima, na kwa kutusomea. Uende vizuri Mutshatsha. Mihogo yako istawi, wajukuu wajae uani, usingizi wako uwe mrefu. Na siku zote utakazoishi pale, asitokee mtu wa kukuuliza karatasi ya kuonyesha kwamba ni kwenu.