Papa Polycarpe na Vigingi Vilivyochipua

Tarehe 31 Desemba 1958, Papa Polycarpe Sebarenzi anaweka chini mnyororo wa kupimia ardhi, baada ya miaka ishirini na moja na ushee katika ofisi yetu ya vipimo. Aliingia Aprili 1937 kama mfyeka vichaka. Anatoka akiwa mpimaji msaidizi, na magoti yake yanakijua kila kilima kutoka Bihambwe hadi Mpofi.

Huyu ni mtu asiyeweza kutembea bila kuhesabu. Hata akienda kupokea komunyo anahesabu hatua, na ametuhakikishia kwamba kutoka benchi lake hadi altareni ni thelathini na mbili, labda padri akisimama mbele kidogo, thelathini na moja.

Lakini ofisini tunamkumbuka zaidi kwa kosa lake la Burungu, na leo hatuwezi kuliacha bila kulisimulia.

Mwaka 1950 ilichorwa ramani ya kwanza ya senta ya Burungu: barabara, maduka, nyumba na mashamba, vyote mahali pamoja. Papa Polycarpe alitumwa kupigilia vigingi vya barabara. Amri ilikuwa miti mikavu tu. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka, miti mikavu ilikuwa mbali na mitoma, jamii ya mikuyu, ilikuwa karibu. Akakata matawi mabichi, akapigilia kibati chenye namba kwenye kila moja, akawahi nyumbani kabla ya mvua. Kila mkulima wa hapa kwetu Masisi anajua kwamba tawi la mutoma likichomekwa ardhini linashika mizizi. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima, ila siku hiyo alijifanya karani.

Barabara ile haikulimwa kamwe. Vigingi vikatoa majani, vikawa miti, vimepanga mstari katikati ya shamba la maharage la mjane mmoja, Mama Verdiane.

Mwaka 1956 ikaja kamati ya kukagua ramani iliyorekebishwa, nayo ilitafuta mahali pa soko. Kwetu, mutoma uliosimama kwenye mstari ni mpaka waliokubaliana wazee wa zamani, na hakuna anayebishana nao. Kamati ikaiona miti, ikaamua kwamba shamba la Mama Verdiane linaishia hapo. Ng'ambo ya miti, kwenye udongo wake mzuri, pangejengwa soko. Mama akaapa kwamba pande zote mbili ni zake. Nani angemsikiliza, na miti imesimama pale?

Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya mnyororo. Papa Polycarpe alikuwa na watoto sita, na barua ya kupandishwa cheo ilikuwa njiani. Nilimwona midomo ikicheza, anahesabu hatua na huku hatembei. Kisha akachukua panga, akaenda kwenye mti mmoja na kuchonga ganda. Ndani, kikiwa kimemezwa na mti, kikaonekana kibati: namba 14.

“Bwana, hii haiko mupaka ya bankambo, bazee ba zamani,” akamwambia mkuu wa kamati. “Ni mimi njo nilipanda. Nilikata miti mubichi.”

Mkuu wa kamati akakisugua kibati kwa kidole, akakisoma mara mbili, halafu akacheka mpaka akavua kofia. Soko likahamishiwa chini, karibu na njia kuu. Cheo cha Papa Polycarpe nacho kikahamishwa, miaka miwili mbele: amekipata Juni mwaka huu. Hajawahi kulalamika. Na tangu siku ile, hapa ofisini hakuna kigingi kinachotoka bila kukwaruzwa kwanza kwa ukucha.

Papa Polycarpe, asante kwa mistari yako iliyonyooka, na asante zaidi kwa ule mmoja ulioukana mbele ya watu. Sisi wenzako tunakupa fimbo ya kutembelea. Usiwe na wasiwasi, tumeikausha juu ya moto miezi mitatu.

Mama Verdiane ameleta zawadi yake mwenyewe, pamoja na maharage ya sherehe hii, ya pande zote mbili za shamba. Ni tawi bichi la mutoma, la kupeleka kwako Bihambwe. Ametuagiza tuandike maneno yake kama alivyoyasema: “Papa, hii uipande. Sasa iko na ruhusa.”

Nenda salama, mzee wetu, na maisha yakuwie mema.

Floribert, wa ncha ya pili ya mnyororo