Kuni za Msiba wa Pantaleo Maige

Baba padri, wazee wetu wa Mwagimbu, shikamooni, na ninyi nyote mliotoka Shinyanga mjini, Kahama, Geita na Nkome, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Mariana Maige, marehemu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake ikiniomba nipangilie maneno yakae vizuri, lakini marehemu mwenyewe, akiwa kitandani na akili zake timamu, aliniambia mbele ya mke wake nisimpake rangi, niseme alichowatendea watu wa kitongoji hiki, na kwamba siku akifa lisiletwe hata gogo moja kutoka kwenye uwanja wake wa kuni, bali twende tukawaombe majirani kuni kama zinavyoombwa kwa kila msiba hapa, wakitupa tupike, wakitunyima tulale na njaa. Alichotaka kujua, na amekufa hajajua, ni kama Mwagimbu watamlilia kama mtu wao. Kwa hiyo anayeona aibu ainamishe kichwa, mimi mwenyewe naiona na nitasoma hivyohivyo.

Marehemu Pantaleo Maige Nkwabi alizaliwa hapahapa Mwagimbu, tarehe 14 Aprili 1968, siku ya Pasaka, akiwa mtoto wa pili wa mzee Maige Nkwabi na mama yetu Nyamizi, wote wametangulia mbele ya haki. Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 na kumaliza la saba mwaka 1983, hakuchaguliwa kuendelea, akachunga ng'ombe wa baba na kulima pamba hadi mwaka 1989, alipofuata wenzake Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akashuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, miaka minne na kurudi na kikohozi na redio. Lakini macho yake yalikuwa yameona kitu, kwamba pale machimboni wanaume wote wanakimbilia dhahabu, na akina mama wanaowapikia wanahangaika na kuni, na dhahabu unaweza usiipate mwaka mzima, ila ugali unapikwa kila siku.

Basi mwaka 1994 alianza kupeleka kuni kwa mama lishe, kwa baiskeli, na jamani, kazi ile aliijua. Alinunua miti kiangazi, wakati wakulima wanasafisha mashamba na hawana pa kuipeleka, akaipasua, akaipanga juu ya mawe isiguse ardhi na kuifunika bati, kisha akauza masika, wakati kuni za wengine zinatoa povu na moshi. Mama lishe aliwapa vipande vyembamba vinavyoshika haraka, wachoma matofali aliwapa magogo mazito, wenye maduara aliwauzia matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiwafukie, na wakaanga samaki wa Nkome aliwapa mgunga mkavu usio na moshi mwingi, na wapo hapa watakaonishuhudia kwamba hajawahi kumuuzia mtu kuni mbichi akamwambia ni kavu. Mwaka 2003 alifungua uwanja wake wa kuni Ngokolo, Shinyanga mjini, na mgodi wa Buzwagi ulipochangamka, watu wakajaa Kahama kutafuta kazi, akanunua gari. Mimi nimesomeshwa ualimu na kuni, na sitajifanya zilinukia vibaya nilipokuwa nazila.

Tarehe 8 Juni 1996 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Rebeka, huyu mnayemwona amekaa kwenye mkeka, na Mungu akawajalia watoto watatu, Thobias, Mageni na Zakaria, na wajukuu wanne.

Sasa nafika mahali ambapo familia iliniomba nipite haraka. Wageni mnaotoka mbali, hapa kwetu kuna ngitili, msitu mdogo wa kitongoji unaofungwa ili nyasi na miti vikue, na ngitili ya Mwagimbu ilikuwa na sharti moja lililowekwa na babu zetu, kwamba haikatwi kwa jiko la mtu wala kwa zizi la mtu, inakatwa kwa msiba tu, ili mtu yeyote akifiwa, tajiri au maskini, masika au kiangazi, vijana waingie mle, watoke na kuni, waombolezaji wapate chakula cha moto. Mwaka 2011 mkutano ulimchagua kaka yangu awe mlinzi wake, wakisema huyu ana miti yake mingine, hawezi kuwa na tamaa na yetu. Loo! Mwaka 2017 kule Nkome wateja walikuwa wengi na miti ya kununua imeadimika, akaingia ngitili akianzia katikati, ambako mpita njia haoni, akaacha ukuta wa miti pembezoni, na kila gari lililotoka likapita njia ya nyuma.

Februari 2018, mvua ikinyesha, alifariki mama Kabula, mke wa mzee Mayala, jirani yetu wa mpaka mmoja, mwanamke aliyemfunga kaka yangu kitambaa kichwani alipoanguka mtini akiwa mtoto. Vijana walichukua mashoka wakaingia ngitili, wakakuta visiki. Wakampigia simu kaka yangu, maana pale Ngokolo kuni zilikuwa zimepangwa hadi kwenye paa, naye alikuwa Nkome na wateja wake, akawajibu kwamba mzigo ule una wenyewe, ila wakitaka watume hela kama wateja wengine, atawafanyia bei ya ujirani. Kwa msiba! Mzee Mayala hakutuma hela, aliingia zizini, akautoa mkokoteni wake wa ng'ombe, ule aliokuwa akisombea pamba, akaupasua kwa mikono yake, na ndio uliompikia mke wake matanga.

Kitongoji kilikaa, kikamvua ulinzi, kikamtoza dume la ng'ombe, naye kwa kiburi akalileta siku hiyohiyo, nene, akidhani yameisha, na kesho yake asubuhi akalikuta limefungwa mlangoni kwake, limerudishwa. Tangu hapo hawakumtukana, wala hawakumnyima salamu, lakini mtu akifa Mwagimbu hakuna aliyemgongea mlango kumwambia, alikuwa anatambua kuna msiba kwa kuona watu wanapita na majembe. Mwanzo alicheka, akasema yeye ana shughuli nyingi mno, hana muda wa kukaa misibani. Kisha akaacha kucheka. Rebeka ananiambia alikuwa akisikia kilio anavaa shati, anakaa kwenye kiti, anasubiri aje mtu kumwita, na jioni analivua. Aliniomba mara nyingi niende kwa mzee Mayala nikamwombee msamaha, nami nikamwambia aende mwenyewe, na hakwenda, aibu ilimfunga miguu, akabaki kuongeza mali.

Mwaka 2023 alianza kubanwa na kifua, akatibiwa Shinyanga, kisha akapelekwa Mwanza, ambako madaktari walituambia mapafu yamechoka kwa vumbi la mashimoni na la kuni, na tarehe 2 Septemba 2025, siku ya Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Jumatano nilikwenda kwa mzee Mayala, nikapiga magoti nje ya mlango, maana ndani sikustahili. Thobias, mwanangu, alikuwa ameshawasha gari Ngokolo akisema ni ujinga wana wa Pantaleo kuombaomba kuni huku wanazo za kupikia mkoa mzima, nikamwambia azime gari, baba yake amesema. Mzee Mayala aliniinua, akaniambia kinyongo kilishamtoka, na kwamba Pantaleo atachimbiwa kaburi na vijana wa hapa kama mtu yeyote wa hapa, wala hatutozwi kitu, ila kuni za msiba hana za kunipa, kwa kuwa machipukizi ya ngitili bado ni membamba kama kidole, na wakiyakata watakuwa wamefanya alichofanya yeye. Hakusema kwa hasira. Ndugu zangu, ningetukanwa ingekuwa nafuu, maana nilikwenda kuomba nisamehewe nikasamehewa, nikaomba kuni nikaambiwa zimekwisha, na aliyezimaliza ni huyu tuliyemlaza hapa.

Jana alfajiri nilisikia miguu uani, nikatoka, nikawaona akina mama wa Mwagimbu wamejitwika mabua ya pamba, yale waliyoyang'oa mashambani na kuyaweka kwa ajili ya majiko yao wenyewe hadi mvua zinyeshe, kila nyumba imeleta, na mbele yao ni mzee Mayala akiwa na mzigo begani.

Kwa hiyo nawatangazia kwamba chakula kitachelewa. Mabua yanawaka kama karatasi na kuzimika, mama hawa wako mekoni tangu saa tisa usiku wakiyalisha bila kukaa, na maharage bado ni magumu. Nimewasikia baadhi yenu mliotoka mjini mkinong'ona kwamba msiba wa tajiri wa kuni unapikiwa takataka za shambani. Mtakula hayohayo, yakiwa magumu mtatafuna, kwa sababu wiki ijayo waliowapikia watalala bila moto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga na Mwanza, baba padri, wafanyabiashara wenzake wa Nkome na Kahama, na madereva waliomhangaikia. Majirani wa Mwagimbu, ninyi nimewaandalia shukrani tangu juzi na kila nikiianza inanishinda, kwani tulichowachukua hatuwezi kuwarudishia, kinaota chenyewe kwa muda wake, na sisi wengine hatutakuwepo. Ninachoweza ni kumwambia yeye.

Kaka Pantaleo, wamekuja. Pumzika kwa amani waliyokupa, huku ukijua wameipunguza kwenye majiko yao.