Nadhiri ya Muuza Omena

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkiitikia kinyonge hivyo nitarudi kuketi. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Mimi ni yule mama wa omena, hao dagaa wa ziwani, hapa sokoni Uriri, na leo nimekuja mbele kwa miguu yangu, bila fimbo.

Kwetu mifupa huvunjika. Nyanya alikufa mgongo umepinda. Mama alivunjika nyonga akishuka tu kitandani. Watu wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mila, na mimi nikawacheka. Kisha siku moja nikisonga ugali matangani, mkono ukalia ko! Mwiko ukabaki kwa sufuria. Waliokuwa wakinitazama ni watu wa Magunga, ambao kijana wao alitaka kumwoa binti yangu Akinyi. Wiki haikuisha, wakatuma neno kwamba mambo ya mahari yasimame. Hawataki chira ya mifupa bomani kwao.

Ndugu zangu, Akinyi hakunilaumu. Alinifulia nguo huku analia, na hiyo iliniuma kuliko mkono. Nikaweka nadhiri: sitagusa maziwa wala omena mpaka Mungu aiondoe laana hii. Nilijitungia mwenyewe, msimlaumu pasta! Mwaka mzima nikauza omena ya Sindo, mimi nakula ugali kwa chai ya rangi. Mwishowe nikavunjika ubavu kwa kukohoa tu.

Ubavu huo ndio ulionifikisha hospitali. Daktari, msichana wa rika la Akinyi, alinipiga picha ya mifupa, akauliza habari za mama na nyanya. Akasema si laana, ni ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi. Hupita katika ukoo, na umri huuzidisha. Akataka kujua ninakula nini. Nikamweleza nadhiri yangu, tena kwa majivuno. Akaweka kalamu chini.

"Mama, unauza dawa, halafu unakataa kuila?"

Nilicheka mpaka ubavu ukanikataza, kisha nikalia. Nilikuwa namwomba Mungu mifupa, naye kila siku ananipa gorogoro nzima, kopo la kupimia limejaa omena, mimi nawapimia wengine! Hapo ndipo nilipofunguliwa.

Nikaanza vidonge, jua la asubuhi, maziwa, na omena pamoja na vichwa vyake. Nilipopata nguvu nikaenda Magunga na Akinyi. Nikawaeleza yote, hata kwamba yeye huenda akarithi, ila akijitunza mapema atasimama vizuri. Mama wa kijana akashika kiuno, akainuka polepole.

"Mimi nimefupika mpaka leso inaburuta. Hiyo picha wanapiga siku gani?"

Tulienda naye, tumeshikana mikono. Mahari ilikuja baada ya mavuno, nami nikacheza, kwa uangalifu, maana daktari alinionya!

Asante Yesu! Na wewe unayeficha maumivu ukiogopa neno chira, mtegemee Mungu, halafu njoo kesho nikusindikize ukapimwe. Pitia kwanza kibandani kwangu. Nitakujazia gorogoro mpaka imwagike.