Toa au Acha: Maisha ya Bwana Shuka

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Bwana Shuka, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Agosti 1953, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye milango sita. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa mpakiaji katika ghala la magunia, na mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia upesi, alikodoa macho tu, akatazama taa, akamtazama mkunga, akatazama ukuta. Mkunga akasema, "Huyu amekuja kukagua." Alipigwa kofi dogo la mgongoni ndipo akalia. Baada ya hapo alilia miezi mitatu mfululizo, na hilo kaka yake mkubwa, aliyekuwa na miaka minne, analikumbuka vizuri kuliko mambo mengi yaliyofuata.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1961. Shule ilikuwa na zamu mbili, na nyumbani palikuwa na jozi moja ya viatu. Kaka mtu alisoma asubuhi, mdogo akasoma mchana, na viatu walibadilishana njia panda karibu na kibanda cha fundi baiskeli.

"Kaka, umevilowesha jasho!"

"Vaa hivyohivyo. Mguu hauna pua."

Mwaka 1964 baba alianguka kutoka juu ya rundo la magunia, akavunjika paja, akalala nyumbani miezi saba. Nyumba ile haikuweza tena kusomesha watoto wawili. Kaka, ambaye mwaka uliotangulia alishika nafasi ya tatu darasani, alitolewa akiwa darasa la sita, akapelekwa kwa seremala kushika randa. Viatu vikabaki kwa mdogo. Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1967 na sekondari mwaka 1971.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika gari la sinema la serikali, lile lililokuwa likizunguka vijijini na kuonyesha picha za kunawa mikono na kufukia madimbwi. Kazi yake ilikuwa kuwamba kitambaa cheupe, kukaza kamba na kuwaomba watu wasikae mbele ya mwanga. Siku moja upepo ulichana kitambaa katikati. Alikimbia nyumba ya jirani akaazima shuka la kitandani, na picha ikaendelea. Jina la Bwana Shuka lilianzia hapo. Lakini yeye mwenyewe alisema kitu kikubwa cha siku ile hakikuwa shuka. Bibi mwenye shuka, alipokuja kulichukua, alimuuliza, "Na sisi tutaonekana lini humu?" Marehemu alimkunjia shuka lake, akampa. Miaka minne baadaye aliomba ruhusa kazini, akaenda chuo kusomea kupiga picha za filamu, akahitimu mwaka 1978. Alifanya kazi katika kituo cha televisheni hadi 1989, kisha akatoka kufanya kazi yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa moja tu: filamu za maisha ya watu. Alitengeneza thelathini na moja. Kuna ya mkunga, ya mpiga chapa, ya jaji mstaafu, ya mchimba makaburi, ya mwamuzi wa mpira na za wengine. Hakutengeneza ya mtu asiyekuwa hai, maana alisema maiti hawezi kubisha. Alikuwa na kanuni yake, na waliofanya naye kazi wanaijua. Kabla filamu haijaonwa na mtu yeyote, alikwenda nayo nyumbani kwa mwenye maisha, akawamba shuka katika chumba chake, akamwonyesha yote. Mwenye maisha alikuwa na maneno mawili tu, "toa" au "acha." Akisema toa, kipande kilitoka, na marehemu hakukionyesha tena popote wala kukizungumzia. Na picha ikiisha taa haikuwashwa mpaka mwenye maisha aseme mwenyewe iwashwe.

Mwamuzi wa mpira alitoa mechi nzima ya fainali. Mwandishi mmoja wa gazeti akamwambia marehemu kwamba ile sasa ilikuwa nusu filamu. Marehemu akamjibu, "Maisha ni yake. Mimi nina kamera tu."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mshonaji aliyempelekea shuka lake la kuonyeshea picha kupigwa pindo. Mshonaji alilikunjua, akaliinua dirishani, akamtazama kupitia tundu. "Mwanamume mzima unatembea na shuka lenye tobo?" Akalishona, na wiki iliyofuata likarudi na tobo jingine. Wiki ya tatu vilevile. Mshonaji akamwambia, "Wewe unalitoboa mwenyewe. Sema shida yako tumalize." Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, wakajaliwa mabinti wawili.

Sasa kuna jambo la baba, na haliwezi kurukwa.

Mwaka 1997 marehemu alitengeneza filamu ya baba yao, aliyekuwa na miaka sabini na tisa. Alimwonyesha mwezi Novemba kama kawaida yake, shuka ukutani, mzee kitandani. Mzee alitoa kipande kimoja, akaacha mengine yote. Mwezi Desemba mzee akafariki. Tarehe 24 Januari 1998 filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa mtaa, na ukumbi ukajaa. Ndani ya filamu mzee aliulizwa kuhusu watoto wake, akasema: "Mdogo ndiye huyu mwenye kamera. Mkubwa kichwa chake kilikuwa kizito. Mwalimu mwenyewe alichoka naye. Nikamtoa, akashike randa." Watu wakacheka. Mzee alikuwa anajua kuchekesha. Kaka mtu alikuwa amekaa safu ya nne na watoto wake. Benchi walizokalia waliocheka alikuwa amezitengeneza yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Alisimama, akatoka.

Marehemu alimfuata mpaka mlangoni.

"Kaka, sikutunga mimi. Ni maneno ya baba."

"Na wewe unajua si kweli."

"Najua."

"Basi."

Hawakusemezana miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki mwaka 2003 walishika jeneza moja, mmoja kulia, mwingine kushoto, na kila mmoja akampa mkono kila mtu isipokuwa mwenzake. Mke wa marehemu alijaribu. Alikuwa akipeleka viti vizima karakana ya shemeji yake vikatengenezwe, apate cha kuzungumza, na shemeji akivitengeneza kimya na kuvirudisha. Mtaani watu walizoea kumwita seremala Kichwa Kizito, kwa utani, wakimwagiza kabati. Aliitika. Ndani hakuitika.

Tarehe 3 Juni 2009, saa nane mchana, marehemu alifika karakana na sanduku la mashine na shuka begani. Seremala alikuwa anapiga randa mlango.

"Nimeleta picha," marehemu akasema.

"Nina kazi."

"Endelea na kazi. Ni dakika nne."

Akawamba shuka juu ya mbao zilizoegemezwa ukutani, akaziba dirisha kwa kipande cha plaiwudi. Seremala aliendelea kupiga randa gizani, jambo ambalo hakuna seremala mwenye akili anayelifanya. Mzee akatokea. Akasema yale yale ya kichwa kizito, akacheka mwenyewe. Katika ukumbi picha ilikuwa imekatika hapo. Karakanani haikukatika. Mzee akajitazama viganja. Kisha akasema taratibu: "Lakini si hivyo. Mkubwa ndiye alikuwa na kichwa. Mguu wangu ulivunjika, mmoja ilibidi atoke. Nikamtoa mkubwa kwa sababu alikuwa habishi. Sasa mtu ataanzaje kusema alichagua hivyo?" Halafu akainua macho kwenye kamera. "Kwani yuko hapo nje?" Sauti ya marehemu ikasikika: "Hayuko, baba." Mzee akasema, "Afadhali."

Hicho ndicho kipande ambacho mzee alisema kitolewe. Marehemu alikitoa kwa kufuata kanuni yake, na kwa kuifuata ukumbi mzima ukasikia uongo, na kweli ikabaki ndani ya kopo la bati juu ya kabati lake miaka kumi na mmoja. Katika filamu thelathini na moja, siku ile ya karakana ndiyo mara pekee alipoonyesha kilichotolewa.

Picha ilipoisha marehemu hakuondoa plaiwudi dirishani. Alisubiri. Inasemekana walikaa hivyo muda wa kunywa chai mbili. Mwishowe seremala akasema, "Washa." Hapakuwa na cha kuwasha, ilikuwa mchana, marehemu akaondoa plaiwudi. Seremala akautazama mlango alioupiga randa gizani.

"Umeniharibia mlango."

"Nitaulipa."

"Utaubeba. Shika huko."

Wakaubeba pamoja mpaka nyumbani kwa marehemu. Mpaka leo ni mlango wa jikoni kwake na haufungiki vizuri. Tangu siku ile marehemu aliongeza kanuni yake: filamu haikuonyeshwa tu kwa mwenye maisha, bali pia kwa kila aliyetajwa ndani yake. Filamu tano za mwisho zilichukua muda mrefu kwa sababu hiyo, na katika ile ya mchimba makaburi alilazimika kubisha hodi nyumba kumi na tisa.

Mwezi Novemba 2023 alianza kukohoa na kupungua mwili. Uchunguzi wa mwezi Januari ulionyesha ugonjwa wa mapafu uliokwisha kusambaa. Alitibiwa, akapata nafuu mwezi Machi, ugonjwa ukarudi mwezi Aprili. Mwezi Mei akamwita kaka yake.

"Wasifu wangu andika wewe."

"Mimi? Wa darasa la sita?"

"Ndiyo maana. Wasomi watatia chumvi."

"Na kichwa changu kizito."

"Kitasaidia karatasi isipeperuke."

Uliandikwa kwenye daftari la vipimo la karakana, kwa kalamu ya risasi. Jumapili tarehe 2 Juni, baada ya chakula cha mchana, seremala aliketi kando ya kitanda akamsomea mdogo wake. Marehemu alifumba macho. Palipoandikwa "gwiji wa filamu" alisema toa. Palipoandikwa kwamba kaka na mdogo walikuwa na kutoelewana kidogo alisema, "Hilo 'kidogo' toa." Palipoandikwa kwamba alikuwa mchangamfu kwa kila mtu, mke wake akadakia kutoka mlangoni, "Toa hiyo, mimi shahidi." Likatolewa.

Seremala alipofika kwenye karakana na maneno ya baba alisimama. Alikuwa ameyaandika yote, lakini baba alikuwa amesema yatolewe, na mwenye kanuni alikuwa amelala mbele yake.

"Hapa nitoe?"

Marehemu akafumbua macho.

"Baba aliniambia mimi nitoe," akasema. "Wewe hakukuambia."

"Kwa hiyo?"

"Acha. Wasikie waliokuwa ukumbini."

Ndiyo maana mmeyasikia leo, na wengine wenu mlikuwa safu ya kwanza.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi kumi. Mke wake alikuwa ameshika kikombe, anapoza chai. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kama kawaida yake. Aya hii, kama ile habari ya kusomewa kwake, marehemu hakusomewa. Huenda angetoa habari ya kikombe, huenda angeiacha. Katika daftari imeandikwa kwa kalamu ya risasi kama zile nyingine, na kifutio kiko mfukoni mwa msomaji.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, filamu thelathini na moja, shuka moja lenye viraka saba, na kaka mmoja.

Apumzike kwa amani. Taa isiwashwe haraka.